Jumanne ya Madiwani wa Lakewood

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika mihtasari ya vikao katika halmashauri moja ya pwani ya Tanzania: nani amehudhuria, nani ametoa udhuru, akidi imetimia saa ngapi, hoja imetolewa na nani na imeungwa mkono na nani. Ni kazi ninayoipenda. Kwa hiyo mdogo wangu alipohamia Lakewood, kusini mwa jimbo la California, akanitaka niende kumtembelea, swali langu la kwanza lilikuwa baraza la mji wao hukaa siku gani. "Dada," akaniambia, "hapa kuna milima, kuna Disneyland, mwendo mfupi tu kwa gari. Kweli unataka kukaa na madiwani?" Nikamjibu kwamba hayo mengine tutayaona Mungu akipenda, ila baraza nisilikose.

Hata asingehamia huko ningetamani kufika. Watu wanaofuatilia habari za serikali za mitaa Marekani huitaja Lakewood sana, ingawa ni mji wa pembeni wa watu wapatao 80,000, hauna mnara, hauna bandari, wala hauna jambo lolote la kupiga picha. Huutaja kwa sababu ya mikataba yake. Hapo nitafika.

Safari ya ndege ilikuwa ndefu na haina la kusimulia. Mdogo wangu alinipokea, tukashika barabara kuu ya 105 kuelekea mashariki, kisha 605 kuelekea kusini, sambamba na mto San Gabriel ambao kwa sehemu kubwa ya njia ile umejengewa kuta kama mfereji mkubwa. Alipochepuka kuingia mtaani, mandhari ikabadilika mara moja. Ardhi tambarare kabisa. Nyumba za chini, moja baada ya nyingine, kila moja na kipande chake cha majani mbele, njia ya zege ya waenda kwa miguu, halafu ukanda mwembamba wa majani kabla ya barabara, na juu ya ukanda huo mti. Mtaa unaofuata vivyo hivyo, na unaofuata vivyo hivyo.

Mwanzoni niliona kama tunazunguka palepale. Baadaye, nilipoanza kutembea asubuhi, ndipo nikaanza kuona tofauti: huyu kaongeza chumba, yule kapanda mlimau, pale wamepaka mlango rangi ya samawati, kule wazee wawili wamekaa barazani wakiangalia magari. Nilipazoea haraka kuliko nilivyotegemea.

Hadi mwaka 1949 eneo kubwa la hapa lilikuwa mashamba, maharage na viazisukari, mali ya kampuni iliyoitwa Montana Land Company. Watu watatu, Louis Boyar, Mark Taper na Ben Weingart, wakanunua ardhi ile, na kuanzia 1950 wakajenga nyumba 17,500 kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kazi ilipopamba moto walikuwa wakimaliza nyumba 50 na zaidi kwa siku. Kikosi kimoja kinachimba msingi, kingine kinamwaga zege, kingine kinasimamisha mbao, kingine kinapaka rangi, kila kikosi kikimfuata mwenzake nyumba hadi nyumba. Wanunuzi walikuwa vijana waliotoka vitani na wafanyakazi wa viwanda, wengi wao wa kiwanda cha ndege cha Douglas kilichokuwa jirani Long Beach. Askari wa zamani aliweza kupata nyumba kwa mkopo wa miaka 30 bila kutanguliza fedha.

Si kila askari, lakini. Weusi hawakuuziwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshaamua mwaka 1948 kwamba mikataba ya kuwazuia watu wa rangi fulani kumiliki nyumba haiwezi kutekelezwa mahakamani, lakini wauzaji waliendelea kuwageuza watu mlangoni. Nililisoma hilo kabla sijafika, na nikalikumbuka kila nilipomwona mdogo wangu, muuguzi, Mmatumbi mweusi tititi, akimwagilia majani ya nyumba aliyopanga. Leo mtaa ule una Wamexico, Wafilipino, Wakorea, weusi na weupe. Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe, na mji unaopendeza leo haupaswi kusahau milango iliyofungwa jana.

Sasa mikataba. Wakazi wale wa kwanza hawakuwa na mji. Walikuwa chini ya kaunti ya Los Angeles, na jirani yao Long Beach alikuwa akimega kipande kimoja baada ya kingine na kukiingiza kwake. Wakazi wakaungana wapate mji wao. Kikwazo kilikuwa gharama: mji mpya utapata wapi fedha za kuanzisha polisi, zimamoto, maktaba, wakaguzi wa majengo, vyote kwa pamoja? Mwanasheria aliyeitwa John Todd pamoja na wenzake wakaja na jibu. Mji utakuwa na baraza lake, bajeti yake na sheria zake ndogo, lakini huduma utazinunua. Polisi watatoka kwa sherifu wa kaunti kwa mkataba. Mengine vilevile. Machi 1954 wakazi wakapiga kura, mwezi uliofuata Lakewood ikawa mji. Tangu hapo miji mingi imeiga. Kaunti ya Los Angeles ina miji 88, na zaidi ya 40 kati yake hulindwa na sherifu kwa mkataba wa namna hii.

Kwangu mimi, mtu wa vikao, maana ya jambo hilo ni nzito. Mji wa aina hii hauna jeshi la watumishi. Kazi kubwa ya diwani ni kusoma mikataba: tumeagiza nini, tumeletewa nini, tumelipa kiasi gani. Kama hasomi, hana kazi nyingine ya kumwokoa.

Niliiona mikataba ile kwa macho kabla ya kufika ukumbini. Siku ya kufagia barabara, wifi yangu aliamka mapema akalihamisha gari kutoka kando ya barabara, akaliingiza ndani ya uwanja wa nyumba. Akaniambia gari likikutwa pale, ni faini. Baadaye likapita gari kubwa lenye brashi za kuzunguka, likafagia ukingo wa barabara kwa maji na kuondoka, na mtaa mzima ulikuwa mtupu kulipisha. Sikuwa nimewahi kuona barabara ya makazi ya kawaida ikifagiliwa hivyo, bila kiongozi yeyote kuja kutembelea wala bendera kutundikwa.

Ajenda niliisoma kwanza siku kadhaa kabla ya kikao. Jengo la ofisi za mji liko barabara ya Clark, karibu na maktaba ya kaunti na si mbali na duka kuu la Lakewood Center, lililoanza kujengwa enzi zilezile za nyumba. Ajenda ilikuwa imebandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma, hata ofisi zikiwa zimefungwa, na kablasha lote, yaani karatasi zote za kikao, lilikuwa kwenye intaneti. Sheria ya jimbo inataka hivyo. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima iwekwe hadharani angalau saa 72 kabla, na baraza haliruhusiwi kuamua jambo ambalo halimo, isipokuwa kwa dharura zilizotajwa na sheria yenyewe.

Nilizoea makablasha kuwa mali ya madiwani na wakuu wa idara. Kule kwetu nimeyabeba mikononi, nimeyagawa, nimeyakusanya yaliyosahaulika mezani. Sasa nilikuwa nimekaa jikoni kwa mdogo wangu na kablasha la mji mzima mbele yangu kwenye kompyuta, mimi mgeni wa viza, na hakuna aliyeniuliza nalitakia nini.

Sehemu iliyonishika ilikuwa orodha ya malipo. Kila hundi iliyotoka ina mstari wake: namba, jina la aliyelipwa, kilicholipiwa, kiasi. Nikaipitia kama ninavyopitia muhtasari kabla ya kuupeleka kwa mwenyekiti. Rangi ya kuchorea mistari barabarani. Viungio vya mabomba, kwa kuwa mji huu huchota maji ya visima vyake wenyewe na kuyauza kwa sehemu kubwa ya wakazi wake. Sare za mafundi. Amana aliyorudishiwa mkazi aliyekodi ukumbi kwa sherehe. Nikamwita mdogo wangu aje aone. Alivuta kiti, akashusha macho polepole ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akakuta malipo ya usafi wa barabara. "Kwa hiyo hii ndiyo bei ya lile gari la asubuhi," akasema. Kisha akauliza swali ambalo mkaguzi yeyote angeuliza: linapita mara ngapi kwa mwezi? Tukaanza kugawanya.

Jumanne jioni tukaenda watu watatu. Ukumbi si mkubwa. Mbele kuna meza ndefu iliyopinda, madiwani watano wameketi wakiwatazama watu. Meya yuko katikati. Si meya wa kuchaguliwa na mji mzima. Madiwani humteua mmoja wao na cheo huzunguka. Pembeni meneja wa mji, mwanasheria na katibu. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kumwona katibu vizuri, nikamwona akiangalia saa, akihesabu viti, akipanga karatasi zake upande wa kulia. Kazi ile naijua kwa viganja.

Meneja wa mji anafanya kazi ambazo kwetu hufanywa na mkurugenzi wa halmashauri, lakini kuna tofauti kubwa. Mkurugenzi wetu huteuliwa na Rais. Huyu ameajiriwa na watu watano walio mbele yake, na watatu kati yao wakikubaliana wanaweza kumwondoa. Ukijua hilo unaelewa kwa nini anapojibu swali la diwani huangalia uso wa aliyeuliza.

Walisimama, wakatoa heshima kwa bendera, mahudhurio yakaitwa. Kukawa na pongezi kwa wakazi fulani na picha ya pamoja. Halafu ikaja sehemu inayoitwa mambo ya kawaida: kuthibitisha muhtasari, mabadiliko ya watumishi, orodha ile ya malipo, mikataba midogo ya matengenezo. Meya akauliza kama kuna anayetaka jambo lolote litolewe lijadiliwe peke yake. Kimya. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, katibu akaita majina, ndiyo tano, yamepita. Sidhani kama ilichukua hata dakika mbili.

Wifi yangu akanigeukia, akaninong'oneza: "Ndiyo hivyo tu?" Nilimwelewa. Mtu asiyejua vikao angedhani watu wale wamepitisha fedha za umma bila kufikiri. Lakini nilikuwa nimelisoma kablasha, na nilijua kwamba kila diwani alikuwa na haki ya kuchomoa mstari mmoja na kusema, hili nielezwe. Yeyote kati yetu pia angeweza kusimama na kuomba. Kupita haraka kwa jambo lililosomwa ni nidhamu. Kupita haraka kwa jambo ambalo hakuna aliyelisoma ni hatari. Ukikaa ukumbini tu huwezi kutofautisha mawili hayo, kwa kuwa kwa macho yanafanana kabisa. Inabidi uwe umesoma.

Kikao kikaendelea, na sehemu kubwa sitaisimulia. Mwishoni wakafungua nafasi kwa wananchi. Akasimama bibi mmoja, mwenye umri wa kuwa mama yetu, akaenda kwenye kipaza sauti akishikilia karatasi ndogo. Mbele ya nyumba yake kuna mti, na mizizi yake imeinua zege la njia ya miguu. Alionyesha kwa kiganja jinsi lilivyonyanyuka, akaweka mkono mwingine chini kuonyesha mahali mguu wake unapokwama. Alisema anaupenda mti ule, ameishi nao, hataki ukatwe. Anataka njia irekebishwe mti ukibaki.

Meya alimshukuru, akamweleza kwamba baraza haliwezi kujadili jambo lisilo kwenye ajenda, ila mtumishi anayehusika atamchukulia taarifa. Ni sheria ileile ya saa 72: kama wangeanza kuamua jambo la mti pale pale, jirani mwenye maoni tofauti asingepata nafasi ya kuja kusema. Bibi alipogeuka kurudi kitini, mtu wa idara ya kazi za umma alikuwa ameshainuka kumfuata. Nikawaona mlangoni, yeye akiandika, bibi akionyesha tena kwa kiganja.

Hakuna aliyemuuliza bibi yule kitambulisho. Sheria hairuhusu mtu alazimishwe kujiandikisha jina ili ahudhurie, wala haiulizi kama ni raia. Nilipomwambia mdogo wangu hivyo tukiwa kwenye gari, alinyamaza kwa muda. Hapigi kura nchi ile. Alidhani kwa hiyo hana neno. Kumbe kipaza sauti kile ni chake pia.

Sheria hiyo huitwa sheria ya Brown, kwa jina la Ralph Brown, mbunge wa jimbo aliyeipeleka bungeni mwaka 1953. Mwaka mmoja kabla, mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle, Michael Harris, alikuwa ameandika mfululizo wa makala kuonyesha jinsi mabaraza na bodi za California zilivyokuwa zikikutana kisirisiri, kisha kuja hadharani kupitisha yaliyokwisha kuamuliwa. Jibu lilikuwa sheria inayosema kwamba madiwani wengi kati ya wote, yaani watatu katika baraza la watano, wakikaa kuzungumza shughuli za mji, hicho ni kikao, na kikao ni cha wazi. Wanaweza kukutana msibani au harusini, ila wasizungumze mambo ya mji. Milango hufungwa kwa mambo machache tu, kama kesi zilizoko mahakamani, bei ya ardhi inayojadiliwa au masuala ya watumishi.

Sheria nzuri haitoshi, hata hivyo, na ushahidi uko kilomita zisizozidi 20 kutoka Lakewood. Nilimwomba mdogo wangu anipeleke Bell siku yake ya mapumziko.

Bell ni mji mdogo zaidi, watu wasiofika 40,000, wengi wao wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, watu wa kazi za mikono. Nyumba zimebanana kuliko Lakewood, na maduka yana maandishi ya Kihispania. Tulipita mbele ya ofisi za mji, tukaenda hadi bustani ya Little Bear, ambako watoto walikuwa wakicheza mpira na mama mmoja akiuza matunda yaliyokatwa na kunyunyiziwa pilipili. Katika bustani hiyo, Julai 2010, waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikaa kwenye chumba cha mikutano na meneja wa mji, Robert Rizzo, wakamuuliza analipwa kiasi gani. Ilibainika ni karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani karibu wote, kwa kazi ambayo ni ya muda wa ziada, walikuwa wakichukua karibu dola 100,000 kila mmoja.

Nilisimama pale nikifikiria namna ilivyowezekana, kwa sababu hakuna aliyevunja kabati usiku. Ilipita kwenye vikao. Mwaka 2005 uliitishwa uchaguzi mdogo wa kuufanya mji ujitungie katiba yake, jambo lililowatoa madiwani kwenye kikomo cha malipo kilichowekwa na sheria ya jimbo. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Baadaye madiwani wakawa wanalipwa kwa kukaa kwenye bodi za mji ambazo vikao vyake vilichukua dakika chache, na vingine havikufanyika kabisa. Karatasi zilikuwepo. Ajenda zilikuwepo. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu, na gazeti la kumtuma mwandishi kila wiki halikuwepo tena. Hata hao wawili walifika Bell kwa njia ya kuzunguka, wakifuatilia matatizo ya mji jirani wa Maywood.

Wakazi walipojua, ukumbi ulifurika. Machi 2011 waliwaondoa madiwani kwa kura. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014, na madiwani kadhaa nao walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani. Gazeti lilipata tuzo ya Pulitzer. Jimbo likaanza kuweka hadharani mishahara ya viongozi na watumishi wa miji yote, na leo yeyote anaweza kuisoma.

Mdogo wangu alininunulia matunda yale ya pilipili tukala tumesimama. Yeye ndiye aliyesema jambo ambalo nimelibeba hadi leo: kwamba waliolipia mishahara ile ni watu kama wa zamu yake hospitalini, wanaorudi nyumbani wamechoka, wasio na nguvu ya kwenda kukaa ukumbini usiku. Ni kweli, na silaumu waliochoka. Lakini haihitajiki mji mzima uende. Watu wachache wanaosoma kablasha kwa zamu wangetosha kuiona namba ile miaka mingi kabla ya 2010.

Yuko mtu wa Lakewood aliyenisaidia kuelewa thamani ya watu wa aina hiyo, ingawa sikuonana naye. D. J. Waldie alikulia katika nyumba ambayo wazazi wake waliinunua, akaendelea kuishi humo, na kwa zaidi ya miaka 30 alifanya kazi katika ofisi za mji, akienda kazini kwa miguu. Mwaka 1996 alitoa kitabu, Holy Land, kuhusu mitaa ile ile niliyoona inafanana. Mtumishi wa halmashauri aliyeuona mji wake kuwa unastahili kitabu! Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo: mhudumu wa masjala anayejua faili la mwaka 1987 liko rafu gani, afisa mtendaji anayezifahamu nyumba zote za mtaa wake. Hawatajwi popote, na huduma zetu zinawategemea wao.

Nimerudi kazini sasa, na ninaandika haya nikiwa na kablasha la robo mwaka mbele yangu. Sisemi tuige kila kitu cha Lakewood. Polisi wetu ni wa taifa, barabara nyingi za mijini ziko chini ya TARURA, na mapato yetu ni mengine kabisa. Lakini mambo ya msingi tunayo. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na kikao chake kiko wazi kwa wananchi. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kenya nayo ilitunga ya kwake mwaka huohuo, na Katiba yake ya 2010, ibara ya 196, inaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Mlango upo. Nimekaa ndani ya ukumbi muda mrefu, na ninaoona wakiingia kupitia mlango huo ni wachache mno. Wengi huja siku ya mgogoro wa viwanja au siku soko linapohamishwa, wakati mambo yameshapitishwa vikao viwili nyuma.

Basi nakuomba wewe unayesoma. Kikao kijacho cha baraza la halmashauri yako kikitangazwa, waulize wahusika ajenda mapema, na uombe kwa maandishi taarifa ya mapato na matumizi. Chagua kitu kimoja unachokiona kila siku, mfereji wa mtaani kwako, zahanati, gari la taka, ukitafute ndani ya karatasi zile kimetengewa kiasi gani na kimelipwa nani. Kisha njoo ukae. Jina lako tutaliandika kwenye orodha ya waliohudhuria.